Tuache kuita tindikali "maji ya betri"

Mhariri,

Mimi ni mfanyakazi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Malindi, mwaka wa 19 sasa. Naandika kwa sababu ya mpwa wangu, kijana wa miaka 17, ambaye kaskazi iliyopita aliungua shingo na mkono wa kulia kwa tindikali kwenye kibanda cha kuchaji betri za tuktuk na za mashua. Kibanda sikitaji, wala mwenyewe sina haja ya kumwaibisha.

Siku hiyo mwenye kibanda alikuwa amepata tindikali ya salfa iliyokolea, mtungi wa plastiki wa lita 5, maana ilimtokea rahisi kuliko ile iliyozimuliwa tayari. Akamwambia kijana, "Hii kali mno, itie maji," kisha akaenda kuswali adhuhuri. Kijana akateka maji kwa jagi, akayamimina mtungini. Anasema jagi halikufika nusu, mtungi ukanguruma, ukamtemea. Nilipofika nilimkuta amekaa chini ya mwembe, jirani ameshampaka dawa ya meno shingoni. Neno la kwanza aliloniambia ni hili: "Shangazi, mimi niliambiwa nitie maji."

Neno hilo halijanitoka. Maana kwa lugha yetu, alifanya kama alivyotumwa. Mchuzi ukizidi chumvi tunatia maji. Chai ikikolea majani tunatia maji. Sharubati ya ukwaju ikiwa chungu tunatia maji. Tangu utotoni mkono umezoea kwamba kilichozidi ukali hufuatwa na maji. Kwa tindikali ya salfa mambo hugeuka: maji hutangulia chomboni, tindikali ikafuata, tena kidogo kidogo.

Aliyewahi kukaanga bajia anajua tone la maji linavyoruka likianguka kwenye karai la mafuta moto. Tindikali huleta balaa kama hilo, ila yenyewe haihitaji jiko. Joto huzaliwa pale pale inapokutana na maji. Mililita 1 ya tindikali ya salfa iliyokolea ina uzito wa gramu 1.84, na maji ni gramu 1. Kwa hiyo maji ukiyamimina juu yake hayazami. Hukaa juu, yakutane nayo kwenye utando mwembamba, joto lote likusanyike hapo, maji yachemke papo hapo na kuruka pamoja na tindikali. Ukigeuza, tindikali huzama katika maji mengi na joto hugawanyika.

Uzito huo ni jambo la kuona kwa macho. Chupa ya lita 2.5 iliyo kabatini kwangu hubeba tindikali ya kilo 4.6, kioo sijakihesabu. Mwalimu mgeni akiinyanyua kwa mkono mmoja kama chupa ya maji, mimi humshika kiwiko kwanza, salamu baadaye.

Nikitaka lita 1 ya tindikali ya moli 1, yaani iliyozimuliwa sana, kwa ajili ya wanafunzi, naanza na maji ya mililita 700 hivi kwenye bika, chombo cha kioo cha maabara, na bika naliweka ndani ya beseni la maji baridi. Navaa miwani ya kukinga macho, glavu na koti. Napima mililita 55 za tindikali, basi, kikombe kidogo cha kahawa hakipitwi sana na kiasi hicho. Naiteremsha kwenye kijiti cha kioo, uzi mwembamba, huku nakoroga. Ndani ya maji unaona mistari inayotetemeka, mithili ya hewa juu ya lami saa saba mchana. Nikifika nusu nagusa bika kwa nje, nalo limepata uvuguvugu. Hapo nasimama nisubiri. Ikishapoa yote ndiyo naihamishia kwenye chupa yenye shingo nyembamba na kuongeza maji hadi alama ya lita 1, kwani kioevu cha moto kimetanuka, na alama ingedanganya. Mililita 55 tu zinazalisha joto la kuhisi kwa mkono. Yule kijana alikuwa na mtungi mzima.

Sasa fundi ataniuliza: mbona sisi hutia maji kwenye betri kila siku na hairuki? Swali ni la haki. Kilicho ndani ya betri kimeshazimuliwa. Kwa uzito, tindikali ni kama theluthi moja tu, na sehemu kubwa ya joto lake lilitoka zamani, kiwandani. Betri inapochajiwa maji hupasuka yakawa haidrojeni na oksijeni, tindikali ikabaki. Ndiyo maana cha kuongeza ni maji peke yake, tena yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokusanywa ukapoa. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi huharibu mabamba ya madini ya risasi yaliyo ndani ya betri.

Na hapa ndipo ninapolalamika hasa. Madukani na vibandani, maji hayo yaliyokenekwa huitwa "maji ya betri". Tindikali nayo huitwa "maji ya betri". Nimezikuta mbili zikikaa rafu moja, ndani ya chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, hazina hata karatasi. Rangi ni moja. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Fundi mwenyewe atajuaje, labda kwa kuinyanyua ahisi uzito?

Nawaomba wauzaji waite tindikali kwa jina lake, waiandike kwenye chupa, wasiipakue kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Mafundi nao wanunue iliyozimuliwa tayari. Mtungi wa iliyokolea si kitu cha kuachiwa kijana na jagi.

Ikimwagikia mtu, ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa kuangalia saa, na nguo zivuliwe huku maji yanapita. Likiwa jicho, lishikwe kope lisijifunge, maji yapite, kisha hospitali. Dawa ya meno, mafuta, yai, majivu, vyote hivyo viache. Magadi ni ya kumwagia sakafuni, ngozini hapana. Mpwa wangu nilimwosha upya bombani mwa jirani mpaka dumu la pembeni likafurika, na daktari akasema laiti maji yangetangulia dawa ya meno, shingo ingepona bila kovu.

Amerudi kazini tangu mwezi uliopita. Jumamosi nilikwenda kibandani na kopo la rangi nyekundu, nikaziandika chupa zote mwenyewe: TINDIKALI kwa hizi, MAJI kwa zile. Mwenye kibanda alinishikia brashi.

Mfanyakazi wa maabara,
Barani, Malindi