Mwanangu, kuhusu hizo pipi za ukweni

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila ziwa limechafuka na dagaa wamepanda bei. Nimekusikia: mama mkwe pipi, wifi biskuti, baba mdogo akirudi kutoka mjini soda, na ikifika jioni mtoto ugali hautaki.

Usigombane nao. Wewe ni mkamwana; ukisema "msimpe", neno litafika Sikonge kabla hujalala. Mumeo ndiye aseme na mama yake. Akikosea maneno, yeye atasamehewa.

Kwanza aseme kuhusu huyo mdogo wa miezi saba. Najua huko Tabora asali ni heshima, na kichanga hulambishwa. Lakini asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka haliviwezi. Vikimea humo hutoa sumu inayolegeza mwili, hata kupumua kukawa shida. Iwe safi namna gani, hata ikichemshwa, vijidudu hivyo havifi. Hapo usilegeze, hata kijiko kikiletwa na mzee wa ukoo.

Kwa mkubwa, legeza. Kila anapolamba kitamu, vijidudu vya mdomoni hutengeneza asidi inayokula meno, na mate huchukua nusu saa au zaidi kuiondoa. Ndiyo maana pipi mbili baada ya ubwabwa ni afadhali kuliko moja asubuhi, moja adhuhuri, moja magharibi. Basi wampe, ila ziingie kwenye kopo lako, ale akishashiba. Zile ngumu za mviringo zisubiri. Mtoto wa miaka mitatu bado anaweza kupaliwa. Soda mimi ningekataa kabisa: chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au nane, na hiyo hata kwa mtu mzima ni nyingi!

Mama mkwe wako, nionavyo, anachotaka ni mjukuu amkimbilie akimwona. Hilo usimnyime. Msimu wa maembe umwachie yeye kazi ya kummenyea, na jioni mpeleke mtoto akaogeshwe huko huko kwa bibi. Idi nayo mwache ale na wenzake, sitaki kusikia mjukuu wangu kakalishwa barazani anatazama.

Mgumu ni huyo wifi mwenye duka, anayerudisha chenji kwa pipi. Ukienda na mtoto, mwambie akupe kiberiti.

Mama yako