Korosho za Mtwara zikibanguliwa Vietnam

Ndugu yangu Salum,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kusaini mkataba na kiwanda cha Vietnam. Unataka kujua kama korosho ghafi za Mtwara, zikibanguliwa kule, zinaweza kuingia Thailand au Indonesia bila ushuru kwa mkataba wa biashara ya bidhaa wa ASEAN (umoja wa nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia), yaani ATIGA. Zikiwa zimebanguliwa tu, usitegemee. Zikikaangwa na kutiwa chumvi, njia ipo.

Mkataba huo, uliosainiwa Februari 2009 na kuanza kutumika Mei 2010, unaangalia uasili wa bidhaa, yaani imezalishwa au kutengenezwa nchi gani. Kupakiwa kwenye bandari ya Vietnam hakuipi korosho uasili wa Vietnam. Kama kuna malighafi ya nje, kanuni ya jumla inakupa njia mbili: thamani ya ndani ya ASEAN ifike asilimia 40 ya bei ya FOB (bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini kwenye bandari ya kutokea), au malighafi yote ya nje ihamie kwenye tarakimu 4 mpya za msimbo wa HS, yaani namba ambazo forodha hutumia kutambua aina ya bidhaa. Baadhi ya bidhaa zina kanuni zake kwenye kiambatisho, kwa hiyo wakala wa forodha aanzie huko.

Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Tarakimu 4 za mwanzo ni zilezile, kwa hiyo inabaki hesabu ya thamani: chukua FOB, toa gharama ya malighafi ya nje, gawa kwa FOB, zidisha kwa 100. Tuseme tani moja iliyobanguliwa inauzwa dola 6,000, na imetoka kwenye tani 4.2 za korosho ghafi zilizofika Vietnam kwa dola 1,200 kila tani, bima na nauli ya meli zikiwemo. Malighafi tayari ni dola 5,040. Zinabaki 960, sawa na asilimia 16. Ili ufike 40, korosho ghafi isizidi kama dola 857 kwa tani, na kwa bei hiyo mkulima wetu ataumia. Mimi nisingeijenga biashara juu ya hesabu hiyo.

Korosho iliyokaangwa na kutiwa chumvi huingia 2008.19. Hapo tarakimu zimebadilika, na kigezo cha pili kinatimia bila kujali asilimia. Kiwanda kiwe na kumbukumbu za kila mkupuo, tangu korosho ghafi hadi pakiti, maana forodha ya nchi inayonunua ina haki ya kuomba uhakiki. Wakikuambia watachanganya na korosho za Kambodia, hizo huhesabiwa kuwa za ASEAN ikiwa zina cheti cha uasili kutoka Kambodia.

Cheti chenyewe huitwa Fomu D, na kwa Vietnam hutolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara. Kwako wewe hatari kubwa ni ankara. Mzigo utatoka Vietnam kwenda Bangkok, lakini ankara itatolewa na kampuni yako ya Dar es Salaam. Hilo linaruhusiwa, mradi kisanduku cha ankara ya nchi ya tatu kitiwe alama na jina la kampuni yako na nchi viandikwe kwenye cheti. Wakisahau, mnunuzi anaweza kutozwa ushuru kamili huku mzigo ukila gharama za bandarini. Cheti kikitolewa zaidi ya siku 3 baada ya meli kuondoka, lazima kioneshe kwamba kimetolewa baadaye. Na mzigo usafirishwe moja kwa moja. Ukipitia bandari iliyo nje ya ASEAN, uwe na hati ya shehena ya safari nzima na usiguswe huko isipokuwa kupakuliwa na kupakiwa.

Kabla ya yote hayo, mwulize mnunuzi ushuru wa kawaida wa msimbo huo nchini mwake. Kama tayari ni sifuri, Fomu D haikuongezei kitu.

Nitumie rasimu ya mkataba pamoja na mchanganuo wa bei za kiwanda, tuupitie kifungu kwa kifungu.

Rafiki yako,
Hamisi