Kabla ya kuongeza amplifaya, mpunguze mwenye nguvu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni juu ya ushauri aliopewa msomaji mwenzetu, aliyeuliza kwa nini mfumo wa muziki aliojiundia nyumbani hupiga kelele anapoweka CD na kunong'ona anapounganisha simu. Alijibiwa kwamba simu yake ni dhaifu, hivyo atafute amplifaya ndogo ya kuitangulia ile kubwa. Kwa heshima zote kwa aliyejibu, naona ugonjwa ameutambua nusu tu, na dawa aliyoiandika itauzidisha.

Bila vipimo tutabaki kubishana kwa masikio. Deki ya CD, kwa desturi iliyozoeleka tangu miaka ya 1980, hutoa volti 2 pale sauti iliyorekodiwa inapofika kilele chake. Redio na deki za kaseti mara nyingi hutoa kati ya volti 0.3 na 0.5, na simu nyingi hufika nusu volti hadi volti moja hivi sauti yake ikifunguliwa mpaka mwisho. Kutoka volti 0.3 hadi volti 2 ni desibeli (kipimo cha tofauti za ukubwa wa sauti) 16 na ushei, ilhali sikio huhesabu kwamba sauti imeongezeka maradufu kwa kila desibeli 10 hivi. Si ajabu basi kwamba anayebadili chanzo bila kugusa kitufe cha sauti hushtuka kwenye kiti chake.

Sasa tuitazame amplifaya yenyewe. Tuseme ni ya wati 50 kwa spika ya omu 8, na inakuza mara 20, jambo la kawaida kwa zile tunazojiundia. Wati 50 katika omu 8 ni volti 20, kwa hiyo amplifaya hiyo inahitaji volti moja tu mlangoni ili itoe nguvu zake zote. Deki ya CD inailetea mbili. Simu yenye nusu volti itaifikisha kwenye volti 10, yaani wati 12 na nusu, ambazo chumbani zinatosha kabisa na kusalia. Mwenye kasoro hapa, kama lazima apatikane, ni yule mwenye nguvu kupita kiasi.

Kasoro hiyo nimeionja mwenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikiliza CD usiku kwa sauti ya chini, na kila mara mwimbaji alihamia spika ya kushoto. Nilibadilishana waya za spika, mwimbaji akahamia kulia. Spika zikawa hazina hatia. Nikarudisha waya hizo, kisha nikabadilishana zile zinazotoka kwenye deki, lakini mwimbaji akabaki kushoto kwake; deki nayo ikaondolewa kwenye tuhuma. Mshtakiwa aliyebaki mwenye kuelekea kutiwa hatiani alikuwa potenshiomita, kile kifaa kinachozungushwa na kitufe cha sauti, ambayo mafundi wengi huiita volyumu tu. Ndani yake mna njia mbili, moja kwa kila upande wa stereo, na mwanzoni mwa mzunguko ni nadra njia hizo kwenda sambamba. Nilipopima nilikuta upande wa kushoto unapata karibu mara moja na nusu ya mwenzake, ilhali kitufe kikifika katikati tofauti hiyo hutoweka. Kwa kuwa deki ilikuwa na nguvu mno, sikuwa na sababu ya kukifikisha katikati hata siku moja.

Mtu akiongeza amplifaya ya kutangulia, kitufe kinasukumwa nyuma zaidi, kwenye eneo lile lile bovu, na mvumo wa chinichini unakuzwa pamoja na muziki. Hata akiiweka kwenye simu pekee, atakuwa amekipandisha chanzo kilichokuwa sawa kikalingane na kilichozidi.

Dawa niliyoitumia ni rezista, yaani vipande vidogo vinavyozuia umeme, mbili kwa kila upande wa stereo, zilizolehemewa nyuma ya tundu la CD, kabla ya swichi ya kuchagua vyanzo. Ya omu 15,000 inapitisha signali, na ya omu 4,700 inatoka mwisho wa ile ya kwanza hadi kwenye waya wa ardhi. Kwa hesabu ya karatasini, volti 2 zinashuka hadi 0.48, lakini ikumbukwe kwamba potenshiomita inayofuata nayo inanyonya; kwa ile ya omu 50,000 nilitarajia 0.445, na mita ikanipa jibu lililokaribia sana hapo. Kupima kwenyewe kunataka mlio mmoja usiobadilika, unaopigwa kutoka kwenye kila chanzo, na afadhali uwe wa hezi 400 au chini yake, maana mita nyingi za bei nafuu hudanganya milio inapopanda juu. Vyanzo vikikaribiana kwa asilimia 6, hiyo ni nusu desibeli, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Baada ya hapo nilimalizia kwa sikio, kwa sababu CD zenyewe hazikurekodiwa kwa kimo kimoja. Sauti ya simu iachwe juu, na kazi ya kupunguza ifanywe na kitufe kimoja tu, cha amplifaya.

Santuri peke yake ndiyo inayodai kinyume cha haya. Sindano ya kawaida yenye sumaku inayocheza hutoa takriban volti 0.005, hivyo inahitaji kukuzwa karibu mara 100, tena kwa saketi inayorekebisha besi na milio ya juu kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, ya mwaka 1954. Hapo amplifaya ya kutangulia ni ya lazima, na pengine aliyejibu alikuwa akiifikiria hali hiyo.

Kuhusu potenshiomita, msomaji asiamini herufi iliyochapwa mgongoni mwake. Mara nyingi A huashiria ile ya logi, inayopanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi, inayofaa kwa sauti, na B ile inayopanda kwa mstari ulionyooka, lakini baadhi ya zile za zamani za Ulaya ziligeuza herufi hizo. Akizungushe kitufe hadi katikati na kupima omu kati ya mguu wa kati na ule wa ardhi: ikisoma nusu ya jumla, hiyo si ya sauti; ile ya sauti husoma sehemu ya kumi hivi, au zaidi kidogo.

Neno la mwisho ni juu ya rezista zenyewe. Zile za kawaida huruhusiwa kukosea kwa asilimia 5, na makosa yakigongana vibaya pande mbili zinaweza kupishana kwa zaidi ya desibeli moja, mwimbaji akarudi kule kule kwenye spika moja. Mimi nilipima kumi za kila aina na kuchagua mapacha kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu.

Wako,
Msomaji na fundi wa nyumbani