Kaka, Bado Sijutii Nilichomwambia Daktari

Kaka yangu mpendwa,

Nimelazimika kukuandikia hapa, mahali ambapo kila mtu anasoma, kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Namba yangu umeizuia, kwenye kundi la familia ulijitoa mara tu nilipokusalimia, na Idi iliyopita nilipofika kwako niliambiwa umetoka, ilhali viatu vyako vilikuwa mlangoni na sauti yako ikisikika ndani ukibishana na taarifa ya habari. Sitataja jina lako wala mtaa wako, na wanaotufahamu nawaomba wasijitie kutafuta. Nisingeandika kama si habari aliyoniletea mtoto wa shangazi, kwamba umerudia kununua vile vidonge vya nguvu za kiume, safari hii kwa kijana anayevitembeza mkobani pale Kariakoo, na kwamba alipokuonya ulimjibu kuwa havina neno kwa sababu hata vyenyewe vilibuniwa kwa ajili ya moyo.

Hilo la kubuniwa ni kweli, na ndilo linalonitia hofu, maana umeshika nusu ya habari ukaacha nusu inayokuhusu. Wanasayansi wa kampuni ya Pfizer waliokuwa wakifanya kazi mji wa Sandwich, Uingereza, waliitafiti sildenafili, dawa ya hivyo vidonge vyako, kama tiba ya maumivu ya kifua yanayotokea misuli ya moyo inapokosa damu ya kutosha. Kwa kazi hiyo haikufua dafu. Kilichojitokeza kwa wanaume walioijaribu kilikuwa kitu kingine, na Machi 1998 Marekani iliiidhinisha kwa jina la Viagra kwa ajili ya hicho kitu kingine. Dawa yako ya moyo, kaka, ni ile isosobaidi uliyopewa uliporuhusiwa kutoka hospitalini, na hiyo haikai mwili mmoja na sildenafili hata kwa usiku mmoja.

Nitakueleza sababu, kwa kuwa siku zote hukupenda kuamrishwa bila kuelezwa. Mwanamume anapopata hamu, mishipa ya fahamu kwenye uume hutoa naitriki oksaidi, nayo huzalisha kemikali inayolegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu, damu ikajaa na uume ukasimama. Baadaye kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali hiyo na mambo hurudi yalivyokuwa. Sildenafili na ndugu zake, tadalafili na vadenafili, humzuia mvunjaji huyo asifanye kazi yake, ndiyo maana hazileti hamu yenyewe, na asiye na hamu anaweza kumeza na kubaki anatazama dari. Sasa isosobaidi, na nitrogliserini inayowekwa chini ya ulimi, ni dawa za jamii ya naitreti, ambazo huongeza kemikali ile ile, tena mwili mzima. Ukiziweka pamoja, kemikali inazalishwa kwa wingi na hakuna cha kuivunja, mishipa inalegea kupita kiasi, presha inaporomoka, na moyo ambao tayari mishipa yake ni myembamba unakosa hata damu kidogo uliyokuwa ukiipata. Hakuna dozi ndogo ya kujaribia hapo. Anayetumia naitreti hapewi vidonge hivi kabisa, na daktari yeyote anayejua kazi yake atakwambia hivyo hivyo.

Nimeambiwa pia kwamba umejitungia utaratibu wako, unaruka dozi ya isosobaidi siku ya Alhamisi ili Ijumaa uwe huru. Kaka! Dawa ya kuzuia maumivu ya kifua hairukwi kwa hesabu za kichwani, kwa maana siku unayoiruka ndiyo siku unayoupa moyo kazi ya ziada, ukiwa huna kinga, na maumivu yakikukamata usiku huo hakuna atakayejua akupe nini.

Narudi kwenye usiku ule, kwa kuwa najua ndiko ulikokwama, na mimi pia ndiko nilikokwama.

Unakumbuka nilikuwa nimeshika koti lako wakati ukicheza na wifi zake bibi harusi kule ukumbini Tabata. Sikulipekua. Nilitafuta funguo za gari kwa sababu ulikuwa umekaa chini ghafla, umeshika kifua, jasho linakutoka kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na vidole vyangu vikakutana na kile kipande cha vidonge kisicho na boksi, kimeandikwa miligramu 100, tundu moja likiwa tupu. Njiani kote nilikuuliza kwa sauti ya chini umemeza saa ngapi, ukageuza uso dirishani. Pale dharura daktari, yule binti mpole, akakuuliza vizuri kabisa: "Baba, leo umemeza dawa yoyote, hata ya kienyeji, hata ya nguvu za kiume?" Wote tulikuwepo, shemeji, mama mkwe na baba mkwe, amesimama miguuni pa kitanda na baraghashia yake. Ukajibu "hakuna", kwa utulivu wa mtu anayemwambia kondakta kwamba hana chenji. Akarudia swali. Ukarudia jibu. Muuguzi tayari alikuwa na kidonge cha kuweka chini ya ulimi mkononi.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, sikupiga kelele kama unavyowasimulia watu: "Daktari, amemeza sildenafili miligramu 100 leo jioni." Baba mkwe akakohoa, akatazama juu. Shemeji akajifunika mtandio. Na wewe, kabla sijafunga mdomo, ukamwambia daktari: "Msimsikilize huyu, ni muuza panadoli."

Muuza panadoli. Hilo ndilo sijalimeza mpaka leo. Ada yangu ya chuo uliilipa wewe, kwa mitumba ya pale Karume, ukiamka alfajiri kuwahi kufungua marobota na kurudi usiku umeishiwa sauti, na siku nilipovaa joho la ufamasia ulilia hadharani, wewe usiyelia hata msibani. Elimu ile ni mali yako kuliko ilivyo yangu. Siku pekee uliyoihitaji kwa uhai wako ukaikana mbele ya watu.

Unalalamika kwamba ningeweza kumvuta daktari pembeni. Nimelisikia hilo kwa shangazi, nimelisikia kwa mtoto wa shangazi, nimelisikia hata kwa fundi wetu wa gari. Basi nikujibu mara moja. Muuguzi alikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwako. Ukishameza sildenafili inatakiwa zipite angalau saa 24 kabla naitreti haijafikiriwa, na ukimeza tadalafili saa 48, kwa kuwa hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Wewe ulikuwa na saa chache tu. Kwa maneno yale daktari alikirudisha kidonge, akakutafunisha aspirini, akakupima presha upya, na matibabu yakachukua njia nyingine. Angekuwa hajui, presha ingeshuka mbele ya macho yangu, na mimi ningebaki na siri yako nimeishikilia vizuri. Nilipima heshima yako na uhai wako, nikachagua, na ukinirudisha pale nitachagua vile vile. Radhi kwa hilo usiisubiri.

Halafu, na hapa naomba uniruhusu nikulaumu kama mdogo anavyoruhusiwa kumlaumu mkubwa wake akiwa mbali na mkono wake, ulijua mdogo wako ni mfamasia, unapita mbele ya duka kila wiki, ukaenda kununua kwa mtu asiyekujua. Naelewa. Kaka mkubwa hamwambii mdogo wake jambo la chumbani. Lakini hata kama ni aibu, Dar es Salaam yote ina wafamasia wasiokujua na madaktari wasiokujua. Hizi ni dawa za cheti, na cheti hakikuwekwa ili kuwasumbua wanaume. Kimewekwa ili kabla hujameza mtu akuulize maswali manne matano ambayo muuza mkobani hakuulizi: kifua kinakuuma? Umewahi kupata kiharusi? Unatumia dawa gani za presha? Unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala kubanwa kifua? Una tatizo la tezi dume na unatumia tamsulosini, ambayo nayo ikikutana na vidonge hivi inaweza kukuangusha kwa kizunguzungu? Mtu anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonavia, sildenafili hukaa kwenye damu yake kwa kiwango kikubwa zaidi, hata dozi yake haizidi miligramu 25 kwa saa 48. Kwa mwenye afya ya kufaa, wengi huanzishwa na 50, takriban saa moja kabla, wala si zaidi ya mara moja kwa siku. Wewe ulianza na 100 kwa kuwa muuzaji alikwambia hiyo ndiyo ya wanaume.

Na kile kipande chenyewe hakikuwa na boksi, hakikuwa na jina la kiwanda linalosomeka, tarehe ya kuisha ilikuwa imekatwa na mkasi. Ndani yake kinaweza kuwa na dawa pungufu, dawa mara mbili, au kitu kingine kabisa. Hata hayo mavumbi ya Kongo na asali za vipakiti unazosema ni za asili hazikuponyi na shaka hiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa tahadhari mara nyingi kuhusu bidhaa za namna hiyo, asali zikiwamo, ambazo zikipimwa hukutwa zimetiwa sildenafili au tadalafili bila kuandikwa popote. Mtu mwenye isosobaidi mwilini anaramba asali akidhani amekwepa kidonge. Supu ya pweza ya Feri kunywa, mihogo mibichi na nazi tafuna, sina ugomvi navyo, ingawa sukari yako inanijia akilini kila nikiona sahani yako ya mihogo.

Sukari hiyo ndiyo tungeanza nayo, kama ungenipa nafasi. Shemeji alimwambia mke wangu, kabla ya haya yote, kwamba hali ile ya chumbani ilikuanza zamani, kabla kifua hakijawahi kukuuma. Sishangai. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ugonjwa wa kuziba mishipa, unaoletwa na kisukari, presha, sigara na mafuta mengi kwenye damu, mara nyingi hubisha hodi huko kwanza, na moyo hufuata baada ya miaka michache. Mwanamume anayemwendea daktari mapema kwa tatizo hilo anaweza kugunduliwa moyo wake kabla haujamwangusha ukumbini. Wewe ulipobishiwa hodi ulinunua kidonge cha kunyamazisha mlango. Na wala simlaumu shemeji kusema. Alikuwa anaogopa peke yake.

Naomba usichukulie kwamba nakwambia ndoa imekwisha. Daktari wa moyo, ukimweleza wazi kwamba unataka kurudi kwenye tendo la ndoa, anaweza kuangalia kama moyo wako unaruhusu isosobaidi ibadilishwe na dawa ya jamii nyingine, na muda gani upite baada ya hapo. Uamuzi huo ni wake, si wangu wala wako. Isipowezekana, kipo kifaa cha kufyonza hewa kinachovuta damu kwenye uume bila kidonge chochote, na zipo sindano ambazo wataalamu huzitoa kwa wanaofaa. Dawa zako za presha nazo zitazamwe, kwani baadhi yake huchangia tatizo lenyewe. Na kama siku moja utaruhusiwa kutumia vidonge, ujue yanayofaa kukimbizwa hospitali: uume uliosimama zaidi ya saa nne, kuona kulikopotea ghafla, masikio yaliyoziba ghafla, na kifua kinachouma. Kichwa kuuma, uso kuwaka na pua kuziba ni mambo ya kawaida, hayo yavumilie.

Lile friji la mama bado liko kwangu, njoo ulichukue au mtume kijana, nimechoka kulizunguka.

Kama mimi bado ni muuza panadoli, usinisikilize. Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za kliniki na za mkobani, nenda kwa mfamasia mwingine yeyote, hata ng'ambo ya Kigamboni ambako hakuna anayemjua baba mkwe, umwage mezani na umwambie kila kitu kama kilivyo. Akikwambia kwamba nilikosea kumwambia daktari, ifungue namba yangu, unipigie, unitukane mpaka salio liishe.

Ni mimi, mdogo wako.