Barua kwa vijana mnaoshika redio usiku

Wanangu mlioko zamu, wa mnara wa ndege, wa redio ya bandari, na nyie mnaopokea simu za ambulensi,

Assalam aleikum. Mimi mzee wenu nimeshika redio bandarini miaka mingi, na kuna kitu kwenu kinanisumbua, huu mtindo wa kumficha habari mtu aliye hatarini eti asije akapaniki.

Tarehe 20 Februari 1962 Wamarekani walimrusha John Glenn peke yake kwenye Friendship 7, chombo kidogo hata kusimama ndani huwezi, akazunguka dunia mara tatu. Enzi hizo akipita juu anaongea na kituo kimoja baada ya kingine, na kimoja kilikuwa hapa hapa kwetu Unguja, Tunguu, kabla hakijaondolewa 1964 baada ya Mapinduzi. Sasa yuko mzunguko wa pili, huko Cape Canaveral kwenye chumba cha Chris Kraft, mkuu wa kuongoza safari, mitambo ikaonyesha ngao ya joto imelegea. Ngao ile ndo inamkinga asiungue akirudi, ikitoka basi tena. Kraft mwenyewe alihisi mitambo inadanganya, ila wakubwa wakaamua lile furushi la roketi za kupunguzia mwendo, lililofungwa kwa mikanda juu ya ngao, lisitupwe kama kawaida, libaki liishikilie. Uamuzi huo siulaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Lakini Glenn hawakumwambia! Meli yao ya Bahari ya Hindi ikamwagiza swichi ya mfuko wa kutulia majini, ule ulio nyuma ya ngao na unaofunguka ngao ikiachia, iwe ofu, Australia nao wakauliza swichi hiyohiyo, kufika kisiwa cha Canton huko Pasifiki mtu akajaribu kumtuliza kwa jambo ambalo hajaambiwa, na Glenn alikuwa rubani wa vita jamani, akajua hapa kuna kitu. Hawaii ndo wakamweleza, tena kidogo tu. Alipokuwa juu ya Texas akaambiwa furushi usilitupe, akauliza kwa nini, mna sababu? Akajibiwa kwa sasa hamna, ni uamuzi wa Cape.

Hapo roho inaniuma kila nikikumbuka. Mtu anakwenda kuingia kwenye moto, anauliza sababu, na sababu mnayo mezani. Alan Shepard, mwanaanga mwenzake, alimweleza kutoka Cape dakika za mwisho kabisa. Furushi likaungua, vipande vya moto vinapita dirishani, redio imekatika, na hajui kinachoungua ni furushi au ni ngao yenyewe. Alitua Atlantiki salama, ngao ilikuwa nzima, kumbe swichi tu ya kutoa taarifa ya ngao ilikuwa mbovu. Na aliporudi aliwaambia waziwazi kwamba rubani lazima aambiwe.

Mimi yamenikuta pia. Usiku mmoja wa kusi nahodha wa boti injini imezima akaniuliza tagi ya kuja kumvuta imefika wapi, nikamwambia iko njiani, na mimi najua haijatoka gatini, nilitaka tu atulie. Akatulia kweli, akangoja, mkondo ukamtoa mpaka kwenye maji marefu ambako nanga haifiki chini. Walipona wote alhamdulillah, asubuhi akaja ofisini, hakunigombeza, akasema ningejua ningetia nanga palepale. Sentensi hiyo nimelala nayo miaka.

Kwa hiyo wanangu, yule wa upande wa pili ana mikono na ana akili, na mara nyingi anaona kitu ambacho nyie hamkioni. Mwambieni mitambo inaonyesha hivi, tunahisi inadanganya, tunakuagiza hivi kwa sababu hii. Hazifiki sekunde kumi. Kama hamjui semeni hatujui bado, halafu muiteni tena hata kama hamna jipya, asikae na ukimya peke yake. Bosi akikataza mwambieni bosi mtu ameuliza. Na akiuliza kwa nini, mjibuni kwanza, ndo mumpe agizo jingine.