Jagi la umeme linachelewa kuchemsha? Usikimbilie kununua jipya

Juzi mama mmoja anayeuza chai na maandazi jioni alituletea jagi lake hapa dukani, anasema limechoka, zamani lilikua linachemsha fasta ila sasa wateja wanasubiri mpaka wanaondoka, kwahiyo tumuuzie lingine. Majagi tunayo, lakini tukamwambia mama subiri tulipime kwanza.

Chini ya jagi kuna stika imeandikwa 230V 2000W. Hapo umeshapata kila kitu: wati gawanya kwa volti unapata ampea, 2000 ÷ 230 = 8.7. Alafu volti gawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani wa koili, 230 ÷ 8.7 = 26.4. Tukaweka multimeta (mita ya kupimia volti na omu) kwenye pini za plagi, swichi ya jagi iko on ila halijachomekwa popote (hapa jamani msikosee, omu hazipimwi kwenye kitu chenye umeme, unaua mita na wewe mwenyewe unaweza kufa), ikasoma 26 na pointi. Koili nzima kabisa.

Basi tukamfata kwake jioni. Mein swichi inasoma volti 215, soketi ya kibandani nayo 215, ukiishia hapo unasema hamna tatizo. Tukachomeka jagi, likaanza kuvuma, tukapima tena soketi ile ile: 190! Huku mein swichi bado 215. Volti 25 zimepotelea njiani, na zinaonekana pale tu umeme unapotembea, ndo maana kupima soketi tupu hakusaidii.

Piga hesabu sasa. 190 ÷ 26.4 ni ampea 7.2. Jagi linapata 190 × 7.2, kama wati 1,370 badala ya 2000, kwahiyo lita moja na nusu ya maji ya bomba iliyotakiwa kuchemka kwa dakika 4 inakaribia 6. Na zile volti 25 × 7.2 ni wati 180 zinazochoma waya bure, sawa na taa 18 za wati 10, na LUKU inazihesabu kama kawaida, mama analipia.

Tukafatilia laini. Kumbe aliyemvutia umeme kibandani alitumia waya mwembamba ule wa spika, mita kama 30, na katikati kuna kiungo kimesokotwa kwa mkono kikafungwa tepu, tepu imeyeyuka imeganda nyeusi na ukuta nyuma yake umeungua. Iliniuma sana kwakweli, maana watoto wanalala chumba chenye ukuta huo huo.

Tulitoa wote tukavuta waya mnene wa 2.5 (milimita za mraba) bila kiungo hata kimoja. Jagi likiwa linachemsha soketi ikasoma 211, na lita moja na nusu ikachemka dakika 5 kasoro, jagi lile lile la zamani.

Kama na wewe jagi, pasi au jiko la koili limepoa ghafla, shika plagi yake baada ya kutumia, umeshaichomoa, ikiwa ya moto usiendelee kutumia. Tuletee kifaa tupime omu, hatuchaji. Na tukija kwako tunakuja muda ule ule tatizo linapotokea, ukisema ni saa moja jioni basi tupo saa moja jioni.