Wakulima wadogo wa Dodoma wapewe hati zao

Mhariri, naomba nafasi nichangie hii ishu ya ardhi za wakulima wadogo huku kwetu Dodoma, maana tangu itangazwe 2016 kwamba serikali inahamia huku watu wanakuja mpaka vijijini kutafuta mashamba, na yule mzee wa Kigogo aliyerithi shamba la uwele toka kwa babu yake hana hata karatasi, ana mpaka wa minyaa tu na majirani wa kumshuhudia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 ipo na ni nzuri kabisa, inatambua haki ya kimila, inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, na halmashauri ya kijiji inaruhusiwa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kinachokwamisha ni upimaji, kijiji bila mipaka iliyopimwa na cheti cha ardhi ya kijiji wananchi hawapati hati. Baba yangu mdogo aliuza ekari mbili mwaka wa njaa kwa bei ya magunia machache ya mahindi, mpaka leo inaniuma.

Naomba halmashauri za wilaya, Chamwino, Bahi, Kongwa na wenzao, watenge bajeti ya kupima vijiji kabla madalali hawajafika, waelezee sheria kwenye mikutano ya kijiji, na wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe, sio la shemeji. Hati zikishatoka, mbegu za mtama na alizeti zifuate hapohapo.

Msomaji wenu, Chamwino